Kamera Tupu kwenye Uwanja wa Mbina

Chumba cha giza cha baba yangu kilinuka siki. Ilikuwa harufu ya dawa ya kusimamisha picha isiendelee kuiva, na ilishika kwenye nguo zetu, kwenye mito, hata kwenye unga ukiachwa wazi. Studio ilikuwa nyuma ya soko la Bariadi, vyumba viwili: cha mbele kwa paspoti na picha za ndoa, cha nyuma kwa kusafishia. Lakini kuanzia watu wanapomaliza kuuza pamba hadi mvua za kwanza zinapokaribia, Baba alifunga studio na kufuata ngoma. Tulikwenda Nyashimo, tulikwenda Maswa, tulikwenda kwenye kila uwanja wa mnada ambako vikundi vilikutana. Alipiga picha waimbaji na wachezaji, halafu na watazamaji waliotaka kuonekana kwamba walikuwapo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na kazi yangu ilikuwa daftari. Nilichora mistari, nikaandika namba ya picha, jina la mtu na kijiji chake, ili nakala zisipotee njiani. Niliifanya kazi hiyo bila kosa. Madaftari hayo ninayo hadi leo.

Asiyezijua mbina, mashindano ya ngoma za Kisukuma, lazima aelezwe jinsi mtu anavyoshinda, maana hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Vyama vya ngoma ni viwili: Wagika wanaweka duara lao upande mmoja wa uwanja, Wagalu upande wa pili, na wote wanaanza kwa wakati mmoja. Watu wako huru. Wanasikiliza huku, wakichoka wanavuka kwenda kule, wanarudi. Siku ya mwisho jua likianza kulala, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Mwimbaji anaona kwa macho yake watu wakimwacha. Kwa sababu hiyo viongozi wa pande zote mbili walikuwa na sharti moja kwa Baba: asimame katikati na asivuke kwenda upande wowote mpaka mshindi ajulikane, kwa kuwa wakati ule kamera ilipokwenda watu walikwenda. Baba alilishika sharti hilo kwa uangalifu mkubwa. Alisimama juu ya kigoda katikati ya uwanja, akageuka kulia, akageuka kushoto, na waliotaka picha zao walimfuata pale pale.

Kiongozi wa Wagalu mwaka huo alikuwa Mjomba Luhende, kaka yake mama. Hakuwa na nyoka wala nungunungu wa kuchezea. Alikuwa na ngoma mbili, wachezaji kumi na wanne, na maneno. Alitunga nyimbo msimu mzima wa palizi, akiwa ameinama shambani, na hakuandika hata moja kwa sababu hakujua kuandika. Alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo. Wiki moja kabla ya mashindano alikuja nyumbani asubuhi, akamwamkia mama, "Mwangaluka, dada," akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Mwaka huu nikishindwa naacha," alisema.

"Ulisema hivyo mwaka jana," mama alimjibu, huku anapepeta mchele. "Na mwaka juzi. Ungekuwa mtu wa kuacha, mkeo angeshapumzika."

"Mwaka huu nina nyimbo, dada. Kama hizi nazo hawazitaki, basi ni mimi hawanitaki. Nitakuwa nimejibiwa."

Mama aliacha kupepeta. Aliona, nami niliona, kwamba hakuwa anatania.

Mashindano yalikuwa ya siku tatu, kwenye uwanja wa mnada nje kidogo ya mji. Siku mbili za kwanza Mjomba aliimba kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akiimba. Nakumbuka wazee wakicheka mpaka wanashikana mabega, na mama mmoja aliyetoka Binza akifuta macho kwa pembe ya kitenge. Hata hivyo Wagika walikuwa na chatu, na kila mara alipotolewa kwenye sanduku vijana wote walikimbilia kule. Siku ya tatu saa tisa niliwakadiria kwa macho nikaona pande zimelingana. Ndipo homa ikampanda Baba. Alikuwa ameamka nayo, sasa alikuwa anatetemeka juu ya kigoda. Alinivisha kamera shingoni na kuniambia zimebaki picha nne, nizitunze kwa ajili ya mshindi. Akasema nisitoke katikati. Kisha akaenda kulala kwenye kivuli cha lori la pamba.

Nilisimama katikati kwa muda mfupi tu. Wagika walimtoa chatu tena, na watu wakaanza kuvuka. Nilijua kamera inavuta watu. Nilikuwa mtoto wa hesabu, na hesabu ilikuwa rahisi. Nilishuka kwenye kigoda nikatembea hadi kwenye duara la Wagalu, nikainua kamera. Walikuja mbio. Walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuwaona upande mmoja, na kwa muda huo mdogo nilifurahi kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Kisha nikaona walivyosimama. Walisimama mbele ya kamera, kwa hiyo walimpa mwimbaji mgongo. Walisukumana, wakaingia ndani ya duara, wakawakanyaga wachezaji, na mpiga ngoma mmoja akaacha kupiga ili aokoe ngoma yake. Mjomba aliendelea kuimba nyuma ya visogo vyao. Nilipiga picha nne zikaisha. Niliogopa wasije wakaondoka, basi niliendelea kuinua kamera na kujifanya napiga.

Kijana mmoja mwenye kofia ya bluu, fundi baiskeli, alisogea karibu akatega sikio.

"Mbona hailii?" aliuliza.

"Inalia ndani," nilisema.

"Haya, zungusha tuone." Nilijaribu, mkono wa kuzungushia mkanda ukagoma. Akageukia wenzake. "Jamani, tunachekea chuma. Kamera tupu hii. Wagalu wamemleta mtoto awadanganye mkae."

Watu walicheka. Hawakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa maana mtu aliyekasirika huenda angebaki kugomba. Waliondoka wakicheka, kundi zima, wakavuka uwanja kwenda kwa Wagika. Mtu alipiga kelele kutoka kule, "Luhende, waimbie inzi, wao hawana pa kwenda." Upande wetu walibaki watu kama kumi, wengi wao ndugu. Mjomba alikuwa amefumba macho, kama alivyozoea kwenye wimbo mrefu, na alikuwa hajaona kamera wala kusikia habari ya mkanda. Alipofumbua, jua likiwa limeanza kulala, aliona upande wake karibu mtupu. Aliumaliza wimbo hadi mstari wa mwisho, akaweka fimbo yake chini.

Baba alisafisha mkanda ule kesho yake, homa ikiwa bado mwilini. Picha nne za mwisho zilitoka na nyuso za watu zikicheka karibu kabisa na kioo cha kamera, na nyuma yao ngoma ya Wagalu. Alizitazama zikiwa bado zinadondosha maji.

"Ulivuka," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Luhende anajua?"

"Hajui. Alikuwa amefumba macho, na ndugu waliobaki hawakutaka kumwambia."

Alizitundika kwenye kamba. "Viongozi wakijua hatutakanyaga tena uwanja wowote," alisema. "Tunyamaze." Nikanyamaza. Mjomba alihamia Mwamanyili kulima mpunga, wachezaji wake wakatawanyika, na hakuimba tena hata kwenye harusi za watoto wake. Baba alikufa na siri hiyo, mama alikufa bila kuijua. Mimi nilirithi studio, nikajifunza kazi kwa kusoma vitabu vya kuazima na kuharibu karatasi, na nimepiga picha waimbaji wa mkoa huu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimezipanga negativu zote za Baba kwa namba. Katika madaftari yangu unaweza kujua ni nani alisimama kwenye picha ya kumi na nne na alitoka kijiji gani. Wimbo hakuna hata mmoja, ingawa nilikuwa najua kuandika na nilikaa siku tatu nikiwa na kalamu mkononi.

Mwaka huu hatimaye nilikwenda Mwamanyili. Mjomba sasa ni mzee anayetembea kwa kushika ukuta. Nilimwonyesha zile picha nne, nikamweleza yote kwa mpangilio, tangu homa ya Baba hadi kijana wa kofia.

"Kwa hiyo hawakuzikataa nyimbo," alisema.

"Hawakuzisikia, Mjomba. Nilikuwa nimewageuza mgongo."

"Zilikuwa nzuri?"

"Zilikuwa nzuri sana."

Alitikisa kichwa taratibu. "Ungeniambia mapema, Kabula. Nilijilazimisha kuzisahau."

Nilimwomba ajaribu, nikaweka simu ikirekodi. Siku hizi kijana wa Bariadi akiimba jioni kwenye ukumbi, kabla hajashuka jukwaani sauti yake iko tayari kwenye simu za watu mia, na nusu yao wamempa mgongo ili nao waonekane. Mimi huwapiga picha hivyo hivyo, wakiwa wamegeuka. Angalau wimbo wa kijana huyo unabaki mahali. Wa Mjomba una dakika kumi na moja. Ukiusikiliza utasikia kuku, utasikia mjukuu akiitwa aje kuteka maji, utasikia mzee akianza neno moja mara nne na kusema, "Hapana, si hivyo." Baada ya hapo ni pumzi yake tu mpaka mwisho.