Mafuta ya Ng'ombe Kwenye Cherehani

Siku ninayoikumbuka sana tangu niingie boma hili, mwanangu Cherono, ni ile niliyotaka kumgombeza baba yako mbele ya dada zake, nikashikwa mkono. Imenirudia jana uliponitumia picha ya mshono wako kutoka Londiani. Juu umenyooka vizuri, chini nyuzi zimejikusanya vishungi vishungi, nawe umeandika kwamba umekaza skrubu ya bobini, ile ya uzi wa chini, hadi vidole vinauma na bado. Nilicheka peke yangu jikoni. Usikasirike, sikukucheka wewe.

Nilikuwa bibi harusi mpya hapa Chepilat. Unajua nilitoka kwa Wakisii, ng'ambo ya pili ya mpaka, na Kipsigis changu wakati huo kilikuwa cha salamu tu. Kwa hivyo mimi na nyanya yako, mama ya baba yako, tuliongea Kiswahili chetu cha kuokoteza. Cherehani ndiyo mali niliyokuja nayo kutoka kwetu. Tulikuwa tunangoja koito ya senge yako Chebet, dada ya baba yako, siku ile wageni wa upande wa mume wanapokuja kuongea mahari, na wanawake wa boma walikuwa wameamua kuvaa kitambaa cha aina moja. Mmoja akasema kipelekwe kwa fundi sokoni.

"Sokoni ya nini?" nyanya yako akauliza. "Na sisi tuko na fundi hapa nyumbani?"

Fundi hapa nyumbani. Mwanangu, hakuna aliyekuwa ameniita mtu wa hapa kabla ya siku hiyo. Nilienda nyuma ya jiko nikafuta machozi, kisha nikarudi nikakata kitambaa chote, magauni yote, kwa furaha tu. Hiyo ndiyo ilinitia taabuni, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani.

Asubuhi yake nikakaa kushona. Mshono wa kwanza nikaugeuza, nikaona chini nyuzi zimejaa kama nywele za mtoto asiyechanwa. Nikafanya kama ulivyofanya wewe. Nikaona uchafu uko chini, nikafikiri ugonjwa uko chini, nikachukua bisibisi nikakaza skrubu ya bobini. Ikawa mbaya zaidi. Nikakaza tena. Nikafumua, nikashona, nikafumua, kitambaa kikaanza kuonyesha matundu ya sindano begani. Dada za baba yako walikuwa wanapita mlangoni wakijifanya wanatafuta kuku. Chebet mwenyewe aliingia akaniambia kwa upole kwamba hata gauni lake la kanisani bado ni zuri. Upole huo ulinichoma sana, kwa maana nilijua tayari wameanza kunihurumia.

Nyanya yako akaja kutoka kukamua, mikono bado na unyevu. Hajawahi kushona hata kifungo, na hakujifanya anajua. Aliuliza tu uzi unapita wapi. Nikamwonyesha: kutoka kwenye kibiringo, unapita katikati ya visahani viwili vya chuma vinavyoubana, unashuka hadi sindanoni. Nikauvuta ili aone unavyobanwa. Haukubanwa hata kidogo, ulikuja wenyewe. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilishtuka. Kama juu hakuna kinachoushika uzi, lazima umwagike chini, na mimi nilikuwa nimeshinda nikiadhibu bobini isiyo na kosa.

Nikainua mguu unaokandamiza kitambaa, maana ukiwa chini visahani vimefumba na uzi hauingii. Nikatoa uzi wote, nikaupitisha upya. Bado. Nikaingiza kipande cha kitambaa safi katikati ya visahani, nikavuta. Kikatoka na uji mzito wa kijivu, umeshika manyoya ya pamba. Nyanya yako akauchukua kwa kidole, akanusa.

"Hii ni mafuta ya kukamua," akasema. "Ya kopo yetu."

Yale mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe, mwanangu! Nilijua mara moja ni nani. Jioni ya juzi yake baba yako alikuwa amesikia cherehani inalia kidogo, na akaniambia nisijali. Nikasimama. Nilikuwa na maneno mdomoni, mengine ya Kikisii, na yeye alikuwa hapo nje na dada zake wote. Nyanya yako akanishika mkono.

"Kaa. Unajua hiyo kopo ilikuwa imebaki kidogo? Leo mimi nimekamua bila mafuta. Huyo kijana ameacha ng'ombe, akapaka mashine yako." Akafuta kidole kwenye kile kitambaa, akasema, "Mimi, baba yake hakuwahi kunipakia hata jembe."

Nikakaa. Tukasafisha visahani hadi kitambaa kikatoka kikavu, nikailegeza bobini ikarudi ilivyokuwa, nikajaribu kwenye kipande. Mshono ukalala sawa, juu na chini. Baba yako akachungulia mlangoni akasikia mlio laini, akauliza, "Si inateleza sasa?" Nyanya yako akanitazama. Nikasema, "Inateleza." Alitembea siku nzima kama mtu aliyeshinda uchaguzi, na kwenye koito tulivaa sawa, na mimi nilisimama katikati yao.

Basi mwanangu, nyuzi zikijazana chini, anza juu. Inua mguu, pitisha uzi upya, safisha visahani, jaribu kwenye kipande kabla ya kugusa skrubu yoyote. Na mumeo akikuharibia kitu, uliza kwanza alikuwa anataka kukufanyia nini, kisha ndipo uamue kama utapiga kelele. Mara nyingine utapiga, na ni haki yako. Lakini uliza kwanza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu baba yako ameiona picha yako. Miaka yote hii anaamini kwamba ni yeye aliyeiponya cherehani ya mama yako, na mimi sijawahi kumwambia. Amechukua kopo jipya kwenye zizi, amelitia kwenye mfuko wa koti, na kesho anakuja huko Londiani. Mpokee. Mpe chai, umkalishe karibu na moto, kopo uliweke juu kabisa kabatini, na akikuuliza, mwambie inateleza.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akupe nyumba yenye watu wa kukuharibia vitu kwa kukupenda.