Sakafu Aliyoichagua Baba kwa Sikio

Mvua za El Niño zilipokatika, mguu wa mama ulitumbukia kwenye sakafu ya mlangoni hadi gotini. Alikuwa anaingia na beseni la omena, dagaa wa ziwani, kichwani. Hakuumia sana, lakini omena walitapakaa hadi chini ya viti, na kuku wa jirani wakawa wageni wetu asubuhi nzima.

Nyumba yetu ya Homa Bay ilikuwa kuukuu, imejengwa kwenye mteremko, na sehemu ya kuingilia ilikuwa ya mbao zilizolazwa juu ya nguzo fupi za mawe. Mvua ilikuwa imeingia chini yake kwa miezi. Kando ya mlango huo ndipo baba alipokaa siku nzima, redio pajani. Presha ya macho ilikuwa imempofusha, na kwa miaka minne hakuwa ametoka nje ya boma letu. Zamani alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Sabato. Alipoacha kuona, aliiacha na kwaya. Waimbaji walikuja kumsihi mara mbili, akawapa chai, wakaenda.

Mama alimwita fundi seremala, Mkuria wa Isebania aliyekuwa akifanya kazi pale mjini. Alikuja na mtaimbo begani, akapiga magoti, akachungulia lile shimo.

"Mama, hizi zote ni za kung'oa," akasema. "Mchwa wamemaliza."

"Si zote," baba akasema kutoka kitini.

Fundi alinitazama. Nikagusa macho yangu na kutikisa kichwa, akaelewa.

"Mzee, mimi nimeona kwa macho yangu," akasema kwa upole.

"Na mimi nimezisikia zikikanyagwa kila siku. Chukua nyundo, uzigonge moja moja."

Fundi akagonga. Baba aliinamisha kichwa. "Hiyo imeoza," akasema. "Hiyo nzima. Hiyo nzima pia, ila karibu na ukuta imekwisha." Nilikuwa nimemaliza sekondari mwaka uliotangulia na sikuwa na kazi, basi nikashika chaki na kuweka alama kila aliposema.

Ubao wa kwanza ulipong'olewa, ulimong'onyoka mikononi mwa fundi kama mkate uliokauka. Wa pili ulitoka mzima. Fundi aliugeuza, akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. Wa tatu ulikuwa mgumu kotekote, isipokuwa kipande cha upana wa kiganja, karibu na ukuta, pale pale penye chaki yangu.

"Mzee," fundi akauliza, "wewe ni mganga?"

"Mimi ni Msabato," baba akajibu.

Mama alicheka hadi akashika mlango. Nami nilicheka, lakini macho yangu hayakubanduka kwenye ule ubao.

Fundi akasema kesho yake angeenda Migori kununua mbao za kujazia. "Kule wanaweza kukuuzia ubao mzuri kwa nje, ndani mbovu. Twende pamoja, mzee."

"Ataanguka," mama akasema haraka.

Baba aliizima redio. Kisha akageuka upande niliokuwa. "Nyathina, mtoto wangu, nitafutie viatu."

Nilimshika mkono tangu nyumbani, hata ndani ya matatu, hadi kwenye uwanja wa mbao kule Migori. Alitembea kwa woga, akipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga. Lakini alipofikishwa kwenye rundo la mbao, aliuachilia mkono wangu mwenyewe. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akauegemezea sikio, akasogea, akagonga tena. Wapasuaji mbao wakaacha misumeno yao, wakasogea kutazama.

Mwenye uwanja alileta mbao mbili za mvule. Kwa macho yangu zilikuwa pacha. Baba akaukataa mmoja.

"Huo umekauka mwaka mzima!" mwenye uwanja akasema, amekereka.

"Kukauka umekauka. Lakini una ufa ndani. Unaanzia hapa," akaweka kidole, "unaishia hapa."

Mwenye uwanja aliuchukua msumeno mwenyewe ili amwaibishe. Akakata katikati ya pale baba alipoweka kidole. Ndani mlikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Nilimtazama baba usoni nikitarajia majivuno, lakini yeye alikwisha kuinamia ubao mwingine. Nilikuwa nimeishi naye miaka yangu yote, nikidhani nayajua masikio yake. Siku ile nilimwogopa kidogo, woga ule unaomfanya mtu anyamaze kanisani.

Sakafu ilichukua siku tatu. Ilipokwisha, fundi alimkataza mtu yeyote kuikanyaga kabla ya baba. Baba akavua viatu, akaivuka polepole kwa miguu mitupu, akarudi, akasimama katikati.

"Umefanya kazi," akamwambia fundi, na fundi akatazama chini kama mwanafunzi.

Wiki iliyofuata fundi alirudi. Alikuwa amepata kazi ya viti vya kanisa kule Ndhiwa na hakutaka kuchagua mbao peke yake. Mama alianza kuuliza watakula nini njiani, lakini baba alikuwa keshafika getini, kofia kichwani. Alirudi jioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, akaomba chai, akaanza kutusimulia habari za Ndhiwa kana kwamba ameiona.