Bia ya Mizizi ya Mzee Orrin

Wendell Tofteland alikuwa dereva wa lori la maziwa, na kama si ulimi wake angezikwa akijulikana kwa hilo tu. Lakini ulimi wake jamani, acha kabisa. Mpe bia ya mizizi, apige funda moja, atakwambia kama vanila ni ya kweli au ni ya kichupa, kama hamira imepitiliza, kama mpishi kaona uvivu kuchemsha magome akamimina rangi. Na tuelewane mapema, maana kuna watu wana haraka ya kuhukumu: bia hii ni bia kwa jina tu. Ni soda nyeusi ya mizizi na magome, ina povu, watoto wanaitilia aiskrimu, na mchungaji anainywa mbele za watu.

Huku kwetu Holmdal, Wisconsin, kila mwenye sufuria kubwa na ghala lililokaa bure anajiona anaweza kuipika. Wendell, kwa kuwa lori lake lilipita kila shamba na kila kijiji, alizionja zote. Alipata ya pilipili, akapata ya majani ya msonobari, akapata iliyolazwa kwenye pipa la wiski, akapata hata ya uyoga, ambayo aliyeipika mwenyewe alikataa kuigusa. Akishaonja huenda kwa Ruby Sather mwenye baa, akaandika alama kwa chaki kwenye ubao ulio juu ya friji. Kumi hakuwahi kumpa mtu. Nane alitoa mara moja, na aliyeipata akachora ile nane kwenye mlango wa gari lake.

"Bwana Wendell," Ruby alimwambia siku moja, "ukifa huo ulimi tutaukata tuuweke kwenye chupa ya siki hapa kaunta."

"Iwe siki nzuri basi," Wendell akajibu. "Hiyo yako naijua."

Sasa mtu huyohuyo, mbahili wa alama kuliko wote, ndiye aliyekuwa akidanganya kila Jumapili baada ya ibada, mezani kwa baba mkwe wake, bila kupepesa jicho.

Ilianza kwa huruma. Mama mkwe, Ardis, alifariki katikati ya baridi, na mumewe, mzee Orrin Kjelstad, akanyamaza. Alikamua ng'ombe wake, maana ng'ombe hawajui matanga, kisha akarudi jikoni akakaa. Ndevu hakunyoa. Simu hakupokea. Binti yake Marlys, mke wa Wendell, alimpelekea vyakula vya oveni, na wiki iliyofuata akavikuta vilevile. Halafu Jumapili moja mzee akapanda ngazi kutoka chumba cha chini ya nyumba, anashikilia ukuta, na mkono mwingine kabeba jagi. Alikuwa amepika bia ya mizizi. Aliipika kwa bitiruti na ule mzizi mkali unaochoma pua, ule tunaokula na nyama. Akammiminia Wendell glasi, akakaa akamtazama.

Wendell akanywa. Ilikuwa kama udongo uliooshwa kwa sabuni ya vyombo. Akamtazama mzee, macho mekundu, shati limefungwa vifungo vya kupishana, akatazama na mkewe aliyekuwa amesimama na kitambaa mkononi hapumui. Akasema, "Si mbaya sana."

Hapo ndipo alipojichongea. Sisi huku hatusifu. Mtu akipika chakula kikakutoa machozi kwa utamu, unamwambia si mbaya sana, naye atalala usingizi mzuri. Kuzidi hapo tunaona ni kujipendekeza. Na kikiwa hakiliki pia hatusemi kibaya, tuna adabu zetu, tunasema, "Hii ni tofauti." Mwenye akili akisikia hivyo anakwenda kuwamwagia nguruwe na hapiki tena. Kwa hiyo Wendell hakusema neno dogo pale. Alimpa mzee alama ya juu kabisa.

Wiki iliyofuata mzee alikuwa amenyoa. Akaleta nyingine, ya achari ya matango. Si mbaya sana. Ikaja ya moshi, yenye harufu ya nyama iliyokaushwa. Si mbaya sana. Ikaja ya mkate mweusi wa nafaka ya rai, nzito, inashuka kooni kwa kusukumana. Wendell akameza, akafuta mdomo, akasema yaleyale. Kilemba cha ukoka alichomvika mzee siku ya kwanza kikawa kinaota na kuenea, na yeye ndiye anayekimwagilia. Kwenye gari wakirudi nyumbani Marlys humshika mkono akamwambia, "Asante." Utamjibu nini mwanamke aliyekushika mkono hivyo? Miaka ikapita namna hiyo. Kwa Ruby watu wakaanza kuuliza kwa nini jina la baba mkwe halipo ubaoni.

"Unampendelea au unamwonea?" Ruby akauliza.

"Ya familia siandiki," Wendell akasema, na akageukia dirishani.

Vuli hii ndipo maji yalipomfika shingoni. Mzee Orrin alingoja sahani zitolewe, akaweka viganja vyake mezani akasema, "Nimeongea na Harlan, mnunuzi wa ng'ombe. Jumanne ya wiki ijayo anakuja na malori. Anachukua wote."

"Wote, Baba?" Wendell akauliza.

"Wote. Zizi nalisafisha, naweka mapipa ya chuma. Tutauza bia kwenye chupa. Nje nabandika kibao: Kjelstad na Mkwe." Akakohoa kidogo. "Wewe ndiye umenitia moyo. Mtu anayempa kila mtu nne na tano, kwangu kila Jumapili si mbaya sana. Nikasema basi, huyu hanidanganyi."

Ng'ombe wale walikuwa wa uzao ulioletwa na babu yake Orrin. Nyumba, shamba, kiti cha kanisani, heshima yote ya jina Kjelstad ilisimama juu ya kwato zile, na sasa inauzwa kwa ajili ya maji ya bitiruti, kwa sababu yeye Wendell aliona haya kusema kweli jikoni.

"Nitamwambia," alisema garini.

Marlys alikuwa anaangalia mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. "Usimwambie."

"Watu watanunua chupa moja, Marlys. Moja. Halafu watacheka. Atabaki hana ng'ombe na hana bia."

"Nimesema usimwambie, Wendell."

Hakutoa sababu, naye hakuuliza. Katika ukoo ule mambo mazito hayasemwi, yanazungukwa kama meza iliyo katikati ya chumba. Wendell alidhani mkewe anaogopa baba yake asirudi kwenye kile kiti na zile ndevu. Wiki nzima aliendesha lori akibishana na kioo. Akisema, anamuua mzee. Asiposema, anamfilisi. Mara mbili alipitiliza mashamba akalazimika kurudi nyuma, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu aanze kazi. Kwa Ruby watu wakampigapiga mgongoni, wakimwita bosi wa kiwanda, na yeye akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Jumapili ikafika. Mzee Orrin alivaa shati jeupe. Alileta ile aliyoichagua kuwa ya kwanza kutiwa kwenye chupa, ya bitiruti, ileile iliyoanzisha mambo, ila sasa kaiongezea asali ya miti, ule utomvu mtamu unaochemshwa. Akamimina. Marlys alimtazama mumewe kwa jicho ambalo kila mume analijua. Wendell akanywa, akaiweka glasi chini, akapiga moyo konde.

"Baba," akasema, "hii ni tofauti."

Mzee hakubadilika uso. Aliichukua glasi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaenda kuimwaga kwenye sinki. Akafungulia na maji. Kisha akainua simu ya ukutani.

"Harlan? Orrin hapa. Jumanne usije." Akasikiliza. "Hapana, bei haina neno. Wanabaki tu." Akasikiliza tena. "Basi wachukue hao wa shamba jingine, mimi sikudai kitu." Akakata, akavaa koti la kazi juu ya lile shati jeupe, akatoka kwenda zizini, ingawa saa ya kukamua ilikuwa bado.

Wendell alishusha pumzi. Kusema kweli alifurahi. Alijiona mwanamume aliyebeba mzigo akautua bila kuvunja kitu. "Umeona?" akamwambia mkewe. "Hata hakukasirika. Nimemwokoa yule."

Marlys alikuwa anakusanya vijiko. "Umewahi kumwona Baba akiinywa ile soda?"

Wendell akafikiri. Hakuwahi.

"Hatii sukari hata kwenye kahawa. Anachukia kitu kitamu tangu mtoto. Na ngazi, umemwona anavyoshuka? Anashuka kinyumenyume kama mtoto anayetambaa, magoti yamekwisha. Amechoka na wale ng'ombe tangu Mama yuko hai. Amechoka, Wendell. Sasa utauzaje ng'ombe wa babu yako eti umechoka? Utakaaje kanisani? Alitafuta kazi nyingine iwe sababu ya kuwaacha. Na alitaka mtu wa kuaminika aseme inafaa, ili watu wasimseme."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia usimwambie."

Wendell alichukua kofia akatoka.

Zizini mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ng'ombe wa kwanza, hakamui, mkono umelala tu ubavuni mwa mnyama. Wengine walikuwa wamejipanga mpaka mwisho, shingo zimebanwa kwenye vyuma, wanatafuna.

"Baba, leo nina mafua," Wendell akaanza. "Nadhani ulimi umenidanganya. Nipe nionje tena."

"Huo ulimi haujawahi kuugua," mzee akasema.

"Basi uza tu. Achana na bia, uza ng'ombe, upumzike. Nani atakusema?"

"Harlan ameshapata wengine. Malori yamejaa mpaka majira mengine." Mzee akampapasa yule ng'ombe polepole. "Nilishawaaga, unajua. Jana. Nilipita kwa kila mmoja, nikamwambia jina lake. Sasa nimeingia hapa nawaonea haya."

Wendell akavua kofia. Alitaka kuomba radhi, lakini radhi ya nini, ya kusema kweli? Alisimama pale na kofia yake, mtu mzima, akatamani mtu amtukane.

Mzee akajaribu kuinuka, akashindwa, akabaki ameshika chuma. Wendell akamtia mkono kwapani akamnyanyua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Wakasogea kwa ng'ombe wa pili, na Wendell mwenyewe akainama kufunga vikombe vya mashine ya kukamulia, mikono ikakumbuka kazi ya utotoni kwao.

"Nitakuja alfajiri," akasema akiwa chini. "Nikusaidie kabla ya lori."

"Alfajiri ya kesho?"

"Ya kesho."

"Na keshokutwa?" mzee akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Wendell aliinua kichwa, akautazama ule mstari mpaka ukutani, mikia inapeperuka, na kila mmoja ana kesho yake na keshokutwa yake na Jumapili zake zote. Akatafuta neno jingine la kusema na hakulipata.

"Na keshokutwa," akasema.

Mzee Orrin akatikisa kichwa kukubali, akasogeza kigoda kwa ng'ombe aliyefuata.