Ndovu Asiye na Pete

Wivu wa Nereah haukuwa siri. Pale Kianda, Kibera, alikokaanga samaki mbele ya mlango wake, hata mpangaji mpya aliambiwa mapema: ukitaka kumsalimia baba Ryan, anza na mama Ryan. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, mwepesi wa kumwongezea kipande mteja aliyekwama. Lakini Osewe, mumewe, akicheka na simu tu, roho ya Nereah iliwaka moto. Mwenyewe alisema wazi kwamba hakutoka kando ya ziwa kuja Nairobi kumlisha mwanamume ashibe, kisha wengine wamfaidi.

Balaa lilianza Osewe alipotundika suruali yake ya kazi msumarini, kitu kikadondoka sakafuni. Nereah akakiokota. Ilikuwa sarafu ya shilingi ishirini, ile ya ndovu, ila kilikuwa kile kipande cha katikati peke yake. Sarafu hiyo huwa ya rangi mbili, kipande cha ndani kimezungushiwa duara la nje. Hii haikuwa na duara.

Ungekuwa wewe labda ungeitupa. Lakini wewe hukai Kibera. Huku kuna mafundi wanaozigonga sarafu kama hizo mpaka cha ndani kichomoke, kisha lile duara wanalipiga tupa na kuling'arisha likawa pete, na vijana wasio na hela za dukani huwavisha wapenzi wao. Nereah mwenyewe alivishwa ya namna hiyo enzi za uchumba, kabla haijamponyoka kwenye beseni la samaki. Kwa hiyo kichwani mwake jambo lilikuwa wazi. Kama katikati iko mfukoni mwa Osewe, pete iko kwenye kidole cha mtu.

"Pete yake iko wapi?" akauliza.

Osewe akajibu kwamba aliipata kwenye chenji kule Kawangware, kwenye mjengo anakofanya kazi, tena anakolala siku nyingine kulinda simiti. Akasema ilitoka hivyo hivyo kiwandani, na kwamba wako watu wanaozitafuta sarafu zenye makosa. Alisema yote hayo akifungua kamba za viatu, bila kumtazama mkewe hata kidogo, na hapo ndipo alipomchoma. Kosa la kiwanda! Mtu ana makosa yake, anakisingizia kiwanda.

Tangu hapo Nereah aliacha kutazama sura za watu, akawa anatazama vidole. Mteja akinyoosha mkono kuchagua samaki, jicho lake halikuwa kwa samaki wala kwa mteja. Hatimaye Jael, jirani na rafiki yake wa chanda na pete, akatokea amevaa kipete kipya cha manjano. Nereah hakungoja wawe peke yao. Alimuuliza mbele ya wateja nani amemvisha. Jael akakivua, akakiweka juu ya ile sarafu iliyokuwa mkononi mwa Nereah. Kilikuwa chembamba, cha kununuliwa kwa wachuuzi wa nje ya kanisa, na sarafu ilikizidi pande zote, haingeweza kuwa imetoka ndani yake. Wateja wakaangua kicheko.

"Mama Ryan, bwana yako simtaki hata kwa dawa," Jael alisema polepole. "Enda Kawangware, uulize Kihara, yule wa video za koini. Atakuambia kama ni kiwanda ama ni mkono wa mtu. Halafu uache kutuaibisha."

Nereah akaenda. Alimkuta Kihara ameketi kwenye lango la ploti yake ya nyumba za kupangisha, upande wa kuelekea Riruta, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Nereah akamwambia ameleta sarafu ya Osewe, yule wa mjengo. Kihara akaitikia kwa kichwa tu na kuipokea. Alilalamika kwamba watu humletea koini zilizochomwa moto au kukanyagwa na lori, wakiapa kwamba zimezaliwa hivyo. Kisha akatoa sanduku dogo, akachagua katikati ya sarafu iliyogongwa na fundi wa pete, akaziweka mbili hizo bega kwa bega chini ya kioo na kumwita Nereah aangalie.

Ile ya fundi ilikuwa na mfinyo ukingoni, mahali iliposhikwa na duara lake, na kovu la msumari mgongoni mwa ndovu. Ile ya Osewe haikuwa na kovu wala mfinyo. Ilikuwa pana kidogo kuliko mwenzake. Kihara akaeleza kwamba ilipigwa chapa kabla haijavishwa duara, na chuma kikitandikwa bila cha kukizuia, hutanuka.

"Hii haijawahi kuwa na pete," akasema. "Ni kiwanda."

Nereah akainama tena kwenye kioo. Hakuna pete, hakuna kidole. Alijiona mjinga, na maishani mwake hakuwahi kufurahia ujinga namna ile. Angemwomba Jael msamaha mbele ya wateja wale wale. Osewe angekaangiwa samaki mkubwa kuliko wote, naye angekaa kando tu amtazame akila.

Kihara akamrudishia sarafu. "Mwambie tu Osewe ni vile vile nilivyomwambia siku ile. Ningeinunua, lakini bibi yake alikataa. Alisema wataiweka."

"Bibi yake?"

"Eeh. Si wewe ni dadake? Mnafanana kidogo."

Nduru ilikuwa imemfika Nereah kooni, lakini wivu wa miaka yote hiyo ulikuwa umemfundisha kitu kimoja: anayepiga nduru haambiwi zaidi.

"Eeh, mimi ni dadake," akasema. "Huyo wifi yangu hata simjui vizuri. Wanakaa wapi siku hizi?"

Kihara akageuka kitini, radhi kabisa kusaidia, akanyoosha mkono kuelekea ndani ya ploti. "Hapa kwangu. Ile nyumba ya mwisho. Ni wapangaji wazuri, hawana kelele."

Mlango wa nyumba ya mwisho ulikuwa umefungwa. Mbele yake, kwenye kamba, lilianikwa shati la Osewe la bluu, ambalo Nereah aliambiwa liliibwa mjengoni. Lilikuwa limefuliwa likatakata, na kola iliyochanika ilikuwa imeshonwa vizuri kuliko alivyowahi kuishona yeye.