Swali la Mama kwa Katekista

Kila robota la mitumba linapofunguliwa karibu nami, ile harufu ya dawa hunirudisha jikoni kwetu Sumbawanga, kwenye baridi na moshi wa kuni. Mama alikuwa ameanza kufuata mitumba ya kuuza Kasesya, mpakani. Baba, aliyekuwa amepunguzwa kazini, hakupenda. Jioni moja alimpiga mbele yangu, na kesho yake katekista akaja.

"Mama, vumilia," alisema. "Bwana ametufundisha, ukipigwa shavu moja, geuza na la pili."

Mama alikuwa akichambua maharage. Jicho lake moja lilikuwa limevimba hadi kufumba.

"Yeye mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, aligeuza? Si alimuuliza yule mtu, mbona wanipiga?"

Katekista alifungua Biblia, akapatafuta mahali hapo, akasoma.

"Ni kweli limeandikwa," alisema. "Lakini na lile la shavu limeandikwa."

"Sasa nishike lipi?"

Alifunga kitabu. "Tumwombee mzee," alisema, tukapiga magoti.

Baba aliporudi, mama alimngoja mlangoni.

"Baba watoto, jana ulinipigia nini?"

Alimuuliza kwa upole kabisa. Baba akampiga tena.

Asubuhi mama alipanda lori kwenda kijijini kwao, Kate. Aliniambia nibaki, nisikatishe shule. Jioni baba aliketi jikoni, akaniuliza mama yako kasema atarudi lini. Nikamwambia hakusema. Nikasonga ugali, nikampakulia, tukala.