Kati ya superhero watatu wa mjukuu wangu, nani abaki kwenye comic?

Wakuu, hodi humu ndani.

Naandika nikiwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, maharage yako motoni. Haya niliyaona kwa macho yangu, na mjukuu mwenyewe amekaa hapa pembeni. Nikiongeza chumvi atanisuta.

Shule nilisoma kidogo sana. Mkiona herufi imeanguka, iokoteni mwendelee.

Mjukuu wangu Furaha anachora. Sisemi ile michoro ya kichwa kama kiazi. Huyu akichora mbuzi, unatafuta kamba ya kumfunga.

Amechora superhero watatu.

Wa kwanza ni Chuma. Wezi walichukua ng'ombe wa baba yake, yeye akageuka chuma mwili mzima, sasa anawasaka kilima kwa kilima. Hasira ndiyo chakula chake. Siku wezi wakiisha, sijui atakula nini.

Wa pili ni Malkia Kitenge. Anaruka angani, kitenge kimetanda kama mbawa. Anaokoa watu kweli, lakini lazima awepo wa kutazama. Mtoto akizama fasi isiyo na mtu, Malkia anaenda kwanza kuita majirani. (Kanisani kwetu wa namna hiyo wamejaa, tuendelee.)

Wa tatu ni Bega. Hana mbawa, hana chuma, ana bega lisilochoka. Akisikia mgonjwa analia, anamlaza kwenye kipoyi na kumpeleka hospitali. Hata kama hamjui.

Huyu Bega alitoka kwenye hadithi zangu. Kwetu Kongo, milima ya Fizi, gari halifiki. Mgonjwa analazwa kwenye kipoyi, kitanda cha miti, watu wanambeba mabegani mpaka chini.

Basi, mwenye duka la kuchapa vitabu kule Ruti, Mbarara, alimwambia Furaha atamchapia comic moja. Moja tu. Tukaenda wote wawili, mimi na kitenge changu cha kanisani.

Njiani nikafungua page za Bega kwa mara ya kwanza.

Nikaona anabeba kipoyi peke yake! Mti begani, mgonjwa ananing'inia nyuma kama mkungu wa ndizi.

Mdomo wangu hauna mlango, wakuu. Nikasema huu ni uongo mtupu, mgonjwa huyu ataanguka kabla ya kona, auawe na superhero badala ya malaria.

Furaha akazichukua karatasi zake.

Mtoto amezaliwa hapa Nakivale, kipoyi hajawahi kukiona. Nilimsimulia miaka yote nikidhani anawaona wale watu wanne kama ninavyowaona mimi. Kumbe sikuwahi kuwataja kuwa ni wanne. Nani anataja miguu ya meza?

Tulipofika, mwenye duka akapenda Chuma. "Mama, hii ya kupigana iko muzuri. Hii ya mugonjwa inalala."

Furaha akakubali upesi kuliko nilivyotaka. Karatasi za Bega akaanza kuzikunja.

"Tate," (ndivyo anavyoniita mimi bibi yake) "Bega nilishamutoa. Weye mwenyewe ulisema ni uongo."

Neno langu hilo.

Nikaomba tukae kidogo kwenye benchi ya nje. Nikamwambia asimtupe Bega. Chuma anasukumwa na hasira, Malkia anasukumwa na sifa, Bega peke yake ana moyo, na superhero ni moyo, misuli hata ng'ombe anayo.

Akaniuliza polepole: "Tate, bale babebaji ba kweli kule kwetu, bote balikuwa na moyo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikawakumbuka mmoja mmoja.

Kulikuwa na mlevi aliyebeba kwa ajili ya pombe ya baadaye. Mwingine alibeba mtoto wa adui yake kwa kuogopa kijiji kitamcheka. Mwingine lazima akae mbele, aonekane. Aliyechoka aliita, mwenzake akaingia chini ya mti bila kipoyi kusimama. Na mama yangu mdogo alifika hospitali akiwa hai juu ya mabega ya watu hao hao.

Nikamwambia hivyo, bila kuwapamba.

Akatoa penseli.

Akachora kipoyi upya. Bega mbele. Pembeni yake Chuma, bado amenuna. Nyuma Malkia, kitenge amekifunga kiunoni, jicho linatafuta watazamaji. Wa nne akamchora mwanaume mwembamba mwenye kandambili, jasho linamtiririka.

Mwenye duka akatoka, akaangalia mpaka nikaanza kukohoa. Akauliza huyu wa nne ana nguvu gani.

"Hana," Furaha akasema. "Alikuwa anapita njia."

Jamaa akacheka, akaingia ndani na karatasi. Hiyo ndiyo comic iliyochapwa, wakuu, na jina la mjukuu wangu liko mbele, kubwa.

Nilichojifunza: zamani nilimpima mtu kwa sababu iliyomleta. Siku hizi natazama kwanza kama bega lake liko chini ya mti. Moyo utamfuata njiani, na usipomfuata, mgonjwa atakuwa ameshafika.

Haya, semeni na nyinyi. Kwenu ni nani alikuja kusaidia kwa sababu mbaya, akafanya kazi nzuri? Nasoma polepole, lakini nitasoma zote.