Kwa Ajili ya Gari ya Salha Nilimzulia Mama Mdogo

Wallahi nimekosa, wala sitafuti pa kujificha. Nilimzulia uongo mama yangu mdogo, mtu ambaye hajanitendea ila wema. Nyumbani nimeshindwa kusema, ndio nakwambieni nyinyi msonijua.

Sisi watu wa Sur, huku Omani. Nilipomaliza skuli nilipata nafasi mbili za chuo: Maskati na Nizwa. Maskati basi linasimama karibu na mlango wa mama mdogo, na chuo chenyewe hata kwa miguu unafika. Mama alifurahi huyo! "Hutomtegemea mtu, mwanangu."

Lakini Salha, binti wa ammi yangu, ndugu yake baba, alikuwa anakwenda Nizwa, na keshanunuliwa gari. "Twende wote bwana! Ntakupeleka, ntakurejesha. Huko Maskati utaulizwa mpaka umekula nini." Nami mjinga nikamuamini!

Nilijua Mama atakataa. Basi nikamwambia Mama kuwa mama mdogo anasitasita, eti chumba anakitaka kwa wageni wake. Na mama mdogo nikamwambia kuwa Mama ndiye aliyetaka niende Nizwa. Mama akaniruhusu Nizwa. Tangu siku ile hampigii simu mdogo wake, na Idi hawakwendeana.

Nizwa tulipanga nyumba mie na wasichana wenzangu, ng'ambo ya barabara kuu; Salha akikaa kwengine. Chuo mbali, basi la kutupitia hakuna, na teksi peke yangu na mwanamme nisiyemjua Mama kanikataza. Salha ndiye aliyekuwa miguu yangu. Mwanzo alikuwa asali! Halafu akaanza: "Niandikie na hii kazi ya mwalimu, habibti, mie nimechoka." Nikiandika, gari inakuja. Nikichelewa, simu haipokei.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho nilisimama mlangoni na abaya yangu nimeipiga pasi, namngoja. Hakuja. Kumbe keshapita na mashoga zake wapya! Nikenda kwa miguu kandokando ya barabara, jua linawaka, magari yananipigia honi, mie nalia tu. Nilipofika, mlango umeshafungwa.

Nikafeli, nafasi ikapotea. Salha kafaulu, kwa kazi nilizomuandikia mimi! Nilipomuuliza kwa nini kaniacha, akacheka. "Kwani mie dereva wako?"

Damu moja ile! Mpaka leo moyo unaniuma.

Sasa nimerudi Sur. Juzi mama mdogo kanipigia simu, masikini, hajui kitu. "Mwanangu, nasikia umerudi. Njoo kwangu ujaribu tena, kitanda chako bado nimekitandika. Ila niambie, mama yako nimemkosea nini?"

Astaghfirullah! Nikakata simu.

Jamani, mnaochagua chuo, chagueni mji wenye basi la kila mtu na njia ya kwenda kwa miguu yako mwenyewe. Ahadi ya mwenye gari msiitegemee, hata awe damu yenu. Na kama mmeshasema uongo, semeni kweli mapema, kabla watu hawajazoea kununiana.

Mama yuko jikoni hapa, namsikia anakoroga chai. Bado sijamwambia.